Mshono upi ni salama zaidi kuunganisha kongosho kwa upasuaji wa matundu?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, ana uvimbe kwenye kichwa cha kongosho na amepangiwa opresheni ya Whipple kwa njia ya matundu. Daktari wa kwanza alitwambia yeye anaunganisha kongosho na utumbo kwa njia ya Blumgart. Tukaenda kwa mwingine kupata maoni, huyo anatumia roboti na anasema anashona mrija kwa utando wa utumbo. Wa tatu akasema afadhali kulidumbukiza tu kongosho ndani ya utumbo, na kwamba yeye angepasua kawaida. Saivi ndugu tunabishana, kila mtu ana daktari wake. Ipi ndo salama? Na kwa nini wote watatu walisema hatari iko hapo kwenye kuunganisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na lile unalolitafuta usije ukapotelea kwenye maelezo: kati ya hizo njia hakuna iliyowahi kuzishinda zenzake kiasi cha kumaliza ubishi, na ubishi wenu huo sisi wenyewe tumebishana miaka na miaka. Kinachoamua ni kongosho la mzee lenyewe likoje, na huyo atakayeshika sindano ameshona kwa njia hiyohiyo mara ngapi. Mengine yote yanakuja nyuma ya hayo mawili. Sasa nkueleze kwa nini, maana ukielewa utajua cha kuwauliza.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, juu ya mishipa mikubwa ya damu. Watu wengi wanalijua kwa ajili ya insulini na kisukari, ila lina kazi nyingine kubwa, linatengeneza maji ya kumeng'enya chakula, lita moja na zaidi kila siku, na maji yote hayo yanapita kwenye mrija mmoja mwembamba unaokwenda katikati yake mpaka kwenye duodenamu, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima wa kawaida upana wa mrija huo ni milimita 2 hadi 3 hivi. Maji yenyewe yakiwa ndani ya kongosho yamelala, hayana madhara, yanaamka yakikutana na vimeng'enya vya utumbo. Sasa yakivuja tumboni yakachanganyika na majimaji ya utumbo au na vijidudu yanaamka huko huko nje, na yenyewe hayachagui, yanameng'enya nyama yoyote yanayoikuta, ikiwemo ukuta wa mshipa wa damu. Ndo maana madaktari wote watatu walikuonya kuhusu sehemu moja.

Kwenye Whipple tunatoa kichwa cha kongosho, duodenamu, mfuko wa nyongo na sehemu ya chini ya mrija wa nyongo, pengine na kipande cha mfuko wa chakula. Alafu tunaunganisha upya sehemu tatu: kongosho, mrija wa nyongo, mfuko wa chakula. Hizo mbili za mwisho zina shida zake ila kwa kawaida zinapona vizuri. Ya kongosho ndo inayomnyima mpasuaji usingizi, na haijaanza leo. Walther Kausch wa Berlin alifanya opresheni ya namna hii mwaka 1909, na Allen Whipple wa New York alipotoa ripoti yake mwaka 1935 hakuliunganisha kabisa kongosho, alifunga tu kile kisiki kilichobaki na kukiacha. Visiki vilivyofungwa hivo vilikuwa vinavuja, ndo baadae wapasuaji wakahamia kwenye kukiunganisha na utumbo.

Sasa hebu nkuonyeshe kwa karibu tatizo lenyewe. Kongosho zima, lisilo na ugonjwa wa muda mrefu, ni laini mno. Chukua kipande cha sabuni kilicholala kwenye maji usiku kucha, jaribu kukipitishia uzi na kufunga fundo. Ukikaza kidogo uzi unazama, unakata, ulichokuwa unakishona kinafunguka, na tundu la sindano lenyewe linaanza kuvuja. Ukilegeza, mshono hauzibi. Kati ya kukaza na kulegeza kuna nafasi ndogo sana, na hiyo nafasi ndo kazi yetu yote. Nakumbuka opresheni moja nikiwa bado najifunza, mishono yote ilikuwa imekaa vizuri, nikabaki na fundo la mwisho, nikalivuta kwa haraka kidogo tu maana tulikuwa tumesimama masaa mengi, nikauona uzi unapotea ndani ya nyama. Ilibidi kufumua na kuanza upya upande ule. Mgonjwa alipona lakini alikaa na dreni, ule mpira wa kutoa maji tumboni, wiki kadhaa, na mpaka leo nikifika fundo la mwisho napunguza mwendo.

Kinyume chake, kuna kongosho gumu. Uvimbe ukiziba mrija kwa miezi, maji yanarudi nyuma, mrija unapanuka unafika milimita 6 hata 8, na kongosho lenyewe linakomaa, linakuwa kama mpira. Hilo linashika uzi vizuri, na tundu la mrija unaliona bila taabu. Kwaiyo inatokea jambo ambalo ndugu wengi linawashangaza, mgonjwa mwenye saratani halisi ya kongosho anaweza kuwa na mshono salama kuliko mwenye kijiuvimbe kidogo cha mwisho wa mrija wa nyongo au cha duodenamu ambaye kongosho lake halijaguswa. Hatari ya mshono na ubaya wa ugonjwa ni vitu viwili tofauti, msivichanganye mkikaa kikao cha familia.

Mwaka 2013 ilitolewa hesabu ya kupima hatari ya kuvuja, ina alama kuanzia 0 hadi 10. Inaangalia ulaini wa kongosho, aina ya ugonjwa, upana wa mrija na damu iliyopotea wakati wa opresheni. Mrija wa milimita 5 au zaidi ni alama sifuri, wa milimita 1 ni alama 4 peke yake. Umeona? Aina ya mshono haimo kabisa kwenye hiyo hesabu.

Tuje kwenye njia zenyewe. Kudumbukiza ndo rahisi kuelewa: mwisho wa kongosho unaingizwa mzima ndani ya utumbo kama kizibo kwenye mdomo wa chupa, alafu unashonwa kuzunguka. Hapo hakuna haja ya kuhangaika na mrija mdogo kwa sababu maji yote, hata yanayotoka kwenye vijirija vya pembeni, yanaangukia ndani ya utumbo. Ubaya wake ni kwamba kidonda cha kongosho kinabaki kinaogea kwenye majimaji ya utumbo na kinaweza kutoa damu, na kongosho likiwa nene halitaki kuingia.

Mrija kwa utando ni kazi ya sonara. Unatoboa tundu dogo kwenye ukuta wa utumbo, saizi ya mrija, unashona ukingo wa mrija na utando wa ndani wa utumbo kwa nyuzi nyembamba zinazoyeyuka, mishono minne hadi minane kutegemea upana, kisha unashona nyama ya kongosho na ukuta wa nje wa utumbo kama tabaka la pili la kulinda lile la kwanza.

Na Blumgart? Hapa ndo nataka uwasikilizishe ndugu zako. Leslie Blumgart, mpasuaji mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi London, Bern na New York, hakuleta kitu kilicho kinyume na mrija kwa utando. Mrija unashonwa vilevile. Alichobadilisha ni hilo tabaka la nje. Badala ya kushona ukingo wa kongosho kwa mishono midogo midogo inayochana, sindano inapita kongosho zima kutoka mbele hadi nyuma, inachota ukuta wa utumbo, inarudi tena nyuma kwenda mbele, kama herufi U, mishono kadhaa hivi. Ukishamaliza mrija, nyuzi hizohizo zinachota utumbo upande wa mbele na kulifunika kongosho, likabaki limekumbatiwa na utumbo pande zote mbili. Fundo linakaa juu ya utumbo, ambao ni mgumu, sio juu ya kongosho. Kwaiyo daktari wenu wa kwanza na wa pili inawezekana kabisa wanafanya kitu kilekile, mmoja ametaja tabaka la nje na mwingine ametaja la ndani, na nyie mmegawanyika nyumbani kwa sababu ya jina.

Kuna pia kuliunganisha kongosho na mfuko wa chakula badala ya utumbo. Mfuko uko jirani, ukuta wake mnene, una damu nyingi.

Tafiti zinasemaje? Mwaka 2009 Marekani waligawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kudumbukiza kukavuja asilimia 12 na mrija kwa utando asilimia 24. Ungesema basi imeisha. Lakini wa Italia walikuwa wameshafanya yao mwaka 2003 wasione tofauti. Mfuko wa chakula dhidi ya utumbo, utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotoka 2016 ulipata asilimia 20 na 22, yaani sawasawa. Mi nikiangalia miaka yote hiyo naona kitu kimoja tu, kila timu inafanya vizuri kwenye njia iliyoizoea, na kumlazimisha mtu abadili mshono kwa ajili ya mgonjwa wenu ndo kosa kubwa mnaloweza kufanya. Nasema hivo kwa uzito wote.

Sasa matundu yanabadilisha nini. Mshono ni uleule, mkono ndo si uleule. Kwenye laparoskopi tunaingia kwa matundu matano au sita, vyuma virefu vyembamba, kamera ndani. Chuma kinapita kwenye ukuta wa tumbo kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi, mkono ukienda kulia ncha inaenda kushoto, na ncha haina kiwiko wala kifundo cha mkono, haikunji. Kushona mfuko wa chakula hivo inawezekana bila jasho. Kushona mrija wa milimita 2, ambao umelala kwa pembe unayopewa na mwili wa mgonjwa na wala si uliyoichagua wewe, kwa uzi unaokaribia wembamba wa unywele, hiyo ni habari nyingine. Mara nyingi sindano inayoleta matatizo ni ya ukuta wa nyuma wa mrija, unaweza ukashika ukuta wa mbele na wa nyuma kwa pamoja bila kujua ukawa umeuziba mrija uliotaka kuufungua.

Roboti inarudisha kifundo cha mkono. Ncha zinakunja na kuzunguka, mtetemo wa mkono unachujwa, picha ina kina na imekuzwa. Kwa mshono huu hasa naamini roboti ina faida ya kweli, sindano unaweza kuiingiza kwa pembe sahihi. Lakini roboti nyingi zinazotumika hazina hisia, mpasuaji hasikii uzi unavyovuta. Anajifunza kusikia kwa macho: nyama ya kongosho ikianza kubonyea na kubadilika rangi kuwa nyeupe chini ya uzi, hapo hapo anasimama, nusu milimita zaidi ni kuchana. Rudi kwenye sabuni yangu uone ugumu wake, kufunga fundo kwenye sabuni iliyolowa kwa kuangalia tu, bila kugusa.

Kwa sababu hiyo watu wametafuta njia za kurahisisha. Wengine wanatumia uzi wenye vijimiba ambao ukishavutwa haurudi nyuma, kwaiyo hakuna haja ya fundo kila mshono. Wapasuaji wa China wamesambaza njia ambayo kijibomba cha plastiki kinaingizwa kwenye mrija na kufungwa humo kwa mshono, kisha upande wa pili wa kijibomba unaingizwa kwenye tundu la utumbo na kukazwa kwa uzi unaozunguka kama mdomo wa kimfuko, na mwili wenyewe unajenga njia kuzunguka kile kijibomba. Hata wanaoshona mrija kwa mishono yote mara nyingi wanaweka kijibomba kama hicho, tunakiita stenti, kinashikilia mrija wazi ili sindano isikamate kuta mbili, na baadae kinateleza kwenda kwenye utumbo na kutoka na choo. Msishtuke mkikiona kwenye picha ya CT.

Kuna vitu vidogo pia ambavyo havitajwi kwa familia ila mi navijali kuliko jina la mshono. Ule mrija unatakiwa ukatwe kwa mkasi wa kawaida, sio kwa kifaa cha moto, maana ukiuunguza mdomo wake unasinyaa na hauupati tena. Kisiki kinatakiwa kiachanishwe na mshipa wa damu ulio nyuma yake kwa sentimita moja au mbili ili mishono ya nyuma ipate pa kupita. Na pale kilipokatwa pawe panatoa damu nyekundu safi, pasipotoa wengine wanakata kidogo zaidi kuelekea mkia mpaka wapate sehemu inayolishwa vizuri.

Daktari wa tatu aliyesema angepasua kawaida, msimwone wa zamani. Michel Gagner na mwenzake waliripoti Whipple ya kwanza ya laparoskopi mwaka 1994 huko Montreal, na miaka mingi baada ya hapo watu waliogopa kuendelea, wakiogopa hasa huu mshono. Uholanzi walifanya utafiti uitwao LEOPARD-2, matokeo yalitoka 2019, na ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu kwenye kundi la laparoskopi walifariki wagonjwa 5 kati ya 50 kwa matatizo ya opresheni na kwenye kundi la kupasuliwa kawaida 1 kati ya 49. Namba ni ndogo, haziwezi kuthibitisha kwamba matundu yanaua, lakini walifanya uamuzi sahihi kusimama. Baadae China, kwa wapasuaji waliokwisha kufanya nyingi sana, utafiti mkubwa wa 2021 ulionyesha usalama unalingana, ila faida waliyoipata ilikuwa ni kukaa wodini siku 15 badala ya 16. Siku moja! Kwaiyo mzee akipasuliwa kawaida na mtu mahiri hajanyimwa kitu kikubwa, naomba hilo liwatulize.

Na umahiri unachukua muda kweli. Wapasuaji wa Pittsburgh, Marekani, waliangalia wagonjwa wao 200 wa kwanza wa roboti, damu inayopotea ikapungua baada ya 20, kuvuja kwa kongosho kukapungua baada ya 40, muda wa opresheni ukashuka baada ya 80. Mwongozo wa kimataifa uliokubaliwa Miami mwaka 2019 unashauri hospitali inayofanya Whipple kwa matundu iwe inafanya angalau 20 kwa mwaka.

Kwaiyo nendeni na maswali haya, waulizeni bila aibu. Picha ya CT inaonyesha mrija wa mzee una milimita ngapi? Mwaka jana mlifanya Whipple ngapi kwa matundu, na huyu atakayeshona kongosho ni yuleyule aliyezoea au kuna anayejifunza, na kama yupo anasimamiwa na nani? Wangapi walivuja kiasi cha kuhitaji matibabu? Mkikuta kongosho ni laini na mrija ni mdogo mtafanyaje? Hili la mwisho ndo linanionyesha daktari ni wa namna gani. Akikwambia watakata kwa matundu alafu waunganishe kupitia mkato mdogo, au watapasua kabisa, huyo amefikiria. Kufungua tumbo katikati ya opresheni si kushindwa, na mzee aambiwe mapema ili akiamka na mkato mrefu asidhani mambo yameharibika.

Baada ya opresheni atakuwa na dreni, mpira unaotoa maji tumboni kwenda kwenye kimfuko. Siku ya tatu wakipima amilesi, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho, katika yale maji ikazidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, ni dalili kuna kinachovuja. Watatumia neno fistula, ni neno lilelile mnalolisikia kwa kina mama waliopata shida ya uzazi, maana yake tu ni njia isiyotakiwa, hapa ni ya maji ya kongosho. Zamani kila aliyevuka kipimo hicho alihesabiwa ana fistula, tangu 2016 asiye na homa wala tatizo lolote anahesabiwa kuvuja kwa maabara tu, na mara nyingi kunakauka kwenyewe, dreni ikibaki muda kidogo zaidi. Wengine wanahitaji antibiotiki au mpira mwingine unaoingizwa kwa kuongozwa na picha, wachache wanarudi theta.

Kitu kimoja ambacho lazima anayelala na mzee hospitali akijue, na akijue hata baada ya kurudi nyumbani wiki ya pili na ya tatu: damu. Maji ya dreni yakigeuka mekundu ghafla, au mzee akatapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, hata ikiwa ni kidogo na ikaacha yenyewe, msisubiri asubuhi. Ile damu kidogo mara nyingine ni mshipa ulioliwa na maji ya kongosho unatoa taarifa masaa machache kabla haujapasuka, na ukiwahiwa unaweza kuzibwa kupitia mshipa wa pajani bila hata kufungua tumbo. Mwite nesi, taja neno Whipple, sema kuna damu. Ukishapata zile milimita za mrija niandikie tena, ntakwambia hesabu ya mzee inaangukia wapi.